Faini Ina Mwenyewe, Punda Hana

Ng'ombe akipotea huku kwetu Dodoma, hapotei peke yake. Kabla jua halijazama ukoo mzima unazo habari zake: rangi, mkao wa pembe, sikio lililokatwa na namna lilivyokatwa. Kijana mmoja anapewa baiskeli arudie njia ya malisho ya jana. Mwingine anampigia simu shemeji wa kijiji cha pili. Mzee anashika fimbo yake kwenda kwa mwenyekiti kuandikisha, maana anajua asipoandikisha leo, siku akimkuta ng'ombe wake kwenye zizi la mtu ataulizwa alikuwa wapi siku zote. Ikifika Jumamosi hajapatikana, mtu anatumwa mnada wa Msalato asimame mahali pazuri akague kila kundi linaloingia. Mchuuzi wa mnadani naye hataki balaa. Anataka karatasi ya mtendaji inayoonyesha mnyama katoka wapi, kwa sababu wizi wa mifugo ni kosa linalojitegemea kwenye Kanuni ya Adhabu na watu wameshafungwa kwa ajili yake.

Utaratibu huu sehemu yake ni mila na sehemu yake ni sheria. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, ile ambayo baadaye ilituletea hereni za kumtambulisha mnyama sikioni, na mabishano ya hereni. Lakini hata bila hereni, ng'ombe aliyepotea ana watu wa kumtafuta, ana ofisi ya kumpokea, na akishikwa mjini akila bustani ya watu, ana zizi la kumzuia na faini ya kumtoa. Mwenyewe atakuja akinuna, atalipa, atachukua risiti na kumswaga ng'ombe wake nyumbani huku akimtukana diwani njia nzima.

Sasa mwondoe ng'ombe, mweke punda mzee mwenye kidonda mgongoni. Nani anamtafuta?

Niliwahi kuliona jambo hili katika mji mdogo mmoja wa mkoa huu, ambao sitautaja kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea mahali popote. Kuna mtu alikuwa akiuza maji kwa punda, madumu manne ya lita ishirini kila safari, miaka na miaka. Bomba likasogea karibu. Vijana wakaja na maguta ya pikipiki yanayobeba pipa zima kwa mkupuo. Yule punda akawa mzigo. Mwenyewe hakumchinja, maana huku hatuli punda, na hakumuuza, maana hakuwapo wa kumnunua. Alimfungua kamba mwishoni mwa masika, majani yakiwa bado mabichi, na kwa miezi michache mambo yakaonekana yamekwenda sawa. Kiangazi kilipokaza, punda akahamia dampo. Mchana alikula maboksi, jioni alikunywa maji ya pale wanapooshea pikipiki, usiku alisimama katikati ya lami, kwa kuwa lami huhifadhi joto na usiku wa Julai huku kwetu una baridi ya kung'ata.

Watu walilalamika, kila mmoja na lake. Mama muuza mboga alilalamikia mboga, madereva walilalamikia lami, na watoto ndio waliolalamikia kidonda. Mtendaji wa mtaa alikuwa binti mdogo, mstaarabu, kazi bado mpya kwake. Aliwasikiliza wote, kisha akamwuliza mzee aliyekuwa akisema kwa ukali zaidi: "Baba, nikimkamata, nitamweka wapi? Nikishamweka, atakula nini? Na mwenyewe asipojitokeza, nimuuzie nani?"

Mzee hakuwa na jibu. Mimi pia sina jibu zuri la haraka, ila tangu siku ile naona kwamba maswali yale matatu ndiyo makala nzima. Yaliyobaki ni maelezo.

Bwana mifugo alikuja, kwa pikipiki yake na mafuta yake, akampulizia dawa ya kidonda, ile inayoacha rangi ya zambarau, akaondoka. Wiki kadhaa baadaye kijana wa matofali akamchukua punda yule, akamfunga mkokoteni. Kwa hiyo aliokolewa na mtu aliyehitaji kumchosha tena. Hadi leo sijui kama nifurahi.

Utaratibu wetu wa mnyama anayezurura umejengwa juu ya dhana moja: mwenyewe atatokea. Sheria ndogo za miji mingi zinafanana. Mnyama akikutwa pasipo pake atashikwa, mwenyewe atatozwa faini pamoja na gharama za kumtunza siku alizokaa, na asipotokea mnyama atanadiwa. Kwa ng'ombe na mbuzi dhana hiyo ni ya kweli, kwa sababu thamani ya mnyama ni kubwa kuliko faini. Thamani ikishuka chini ya faini, mwenyewe anayeyuka. Hakuna mtu atakayelipa elfu kadhaa kumkomboa mbwa mwenye upele. Na mnada wa punda kilema utahudhuriwa na nzi. Hapo ndipo mfumo unapokoma, na ndipo mnyama mwenye shida kubwa zaidi anapobaki.

Tusisahau kwamba punda alikuwa na soko, na soko hilo lilikuwa baya. Dodoma ilikuwa na machinjio ya punda. Ngozi zilikwenda China kuchemshwa ziwe ejiao, gundi inayouzwa kama dawa na urembo. Miaka ile ukiamka asubuhi hukumwona punda wako, ulijua kaibwa, na familia zilizomtegemea kwa maji na kuni zilirudi kubebea kichwani, yaani wanawake na wasichana walirudi kubebea kichwani. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Desemba 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaafikiana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Naunga mkono uamuzi wote huo kwa mikono miwili. Lakini marufuku ilijibu swali la punda asichinjwe na nani. Haikumjibu mtendaji yule binti punda akizeeka aende wapi, na sioni kama ilikuwa kazi ya marufuku kujibu. Hiyo ni kazi ya halmashauri.

Mbwa ana historia nyingine. Kwake halmashauri nyingi nchini zina zana mbili, sindano na risasi, na inayotumika hutegemea mwaka huo kumetokea nini. Mtoto akiumwa na mbwa, kelele zikipanda, tangazo linasomwa kwenye spika: kila mwenye mbwa amfungie, atakayekutwa nje atauawa. Siku mbili tatu milio inasikika, mizoga inabebwa, mji unatulia. Mwaka unaofuata mbwa wamerudi idadi ile ile, na wengi wao ni wachanga ambao hawajawahi kuonja chanjo.

Hoja hii nairefusha makusudi, kwa kuwa hapa huruma na hesabu zinakwenda njia moja. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, takriban wote kwa kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa ni watoto wa Afrika na Asia. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni kama watu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa hana tiba. Kabla ya hapo kuna mambo mawili yanayookoa: kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na kuwahi chanjo. (Kama umesoma hadi hapa kwa haraka, hilo la dakika 15 lisome tena. Usipake pilipili, usipake majivu.) Na kuna jambo la tatu, la bei nafuu kuliko yote, ambalo ni kumchanja mbwa kabla hajamwuma mtu. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo wakaumaliza, ukarudi 2016, wakachanja tena wakaumaliza tena. Mauaji ya mbwa peke yake hayajaumaliza mahali popote, kwa sababu rahisi: risasi haiulizi nani kachanjwa. Ukimwua mbwa aliyechanjwa umebomoa ukuta ulioujenga kwa fedha yako mwenyewe, na nafasi yake atazaliwa au atahamia mbwa asiye na kinga.

Halafu wengi wa mbwa hao tunaowaona mitaani wana wenyewe. Tafiti za nchini zimelionyesha hilo, na macho yako yanalionyesha pia ukiamka saa kumi na moja alfajiri: kila mmoja anarudi kwenye geti lake. Mchana wanatembea, usiku wanalinda, chakula wanajitafutia. Hao dawa yao ni mwenyewe kuandikishwa na kuulizwa cheti cha chanjo. Waliotelekezwa kweli kweli ni wachache, na hapa Dodoma tunawatengeneza kwa namna yetu wenyewe.

Jiji hili limekua mbio. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Kati ya hizo mbili kuna Julai 2016, serikali ilipotangaza kuhamia kwa vitendo, na 26 Aprili 2018, manispaa ilipotangazwa kuwa jiji. Watu wamekuja na mbwa wao, au wamepata mbwa baada ya kujenga ukuta kule Kisasa, Iyumbu, Nzuguni au Ihumwa. Mtumishi akipata barua ya uhamisho ana wiki chache za kupanga kila kitu. Friji linaingia kwenye fuso, makochi yanaingia kwenye fuso, mbwa anaachiwa mlinzi, na mlinzi naye mkataba unakwisha. Maeneo ya ujenzi ni vivyo hivyo. Mbwa wawili hulinda saruji na nondo kwa miezi, jengo linakamilika, mkandarasi anahamia kazi nyingine, mbwa wanabaki wanalinda jengo ambalo mwenyewe anawafukuza kwa mawe. Barabara mpya ya mzunguko, ile ya kilomita 112.3, nayo imekata njia ambazo mifugo ilizizoea tangu zamani, na ndama anayevuka kumfuata mama yake hajui habari za kasi ya malori.

Kwa upande wa sheria hatuko uchi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, na kati ya misingi yake inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Inakwenda mbali zaidi na kusema kuwa ustawi wa wanyama huonyesha kiwango cha maadili na ukomavu wa jamii. Sheria zetu nyingi hazizungumzi lugha ya namna hiyo. Ina wakaguzi wa ustawi, ina baraza la kumshauri waziri, na inamtaka mwenye mnyama amtunze. Tatizo liko kwenye mwendo wa fedha na amri. Sera ya mifugo inatoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Afisa mifugo wa kata ameajiriwa na halmashauri, halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na bajeti yake inapitishwa na madiwani ambao wapiga kura wao hawajawahi kuwauliza habari za punda. Ofisi hizo za juu zote mbili ziko hapa hapa Dodoma. Lakini kutoka kwenye sheria ya 2008 hadi kwenye mafuta ya pikipiki ya bwana mifugo ni safari ndefu sana.

Chukua kitabu cha bajeti cha halmashauri yoyote, maana ni nyaraka za umma, na ufungue upande wa mapato. Utakuta ushuru wa mnada, ushuru wa machinjio, vibali, na faini za kuvunja sheria ndogo, zikiwemo za mifugo inayozurura. Mnyama ameingia kwenye kitabu. Ufungue upande wa matumizi umtafute mnyama yule yule. Pengine utaona chanjo, pengine majosho, ambavyo ni vya mifugo yenye wenyewe. Zizi lenye kivuli na maji, majani ya kiangazi, dawa ya kidonda, posho ya mtu wa kuwaangalia kwa siku kumi na nne wakati mwenyewe anatafutwa, hivyo ni vigumu kuviona. Hiyo ndiyo sababu nasema faini ina mwenyewe. Ina kifungu, ina mhasibu, ina mkaguzi wa nje anayekuja kuiulizia. Punda hana hata mstari.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimeshalisikia: zahanati haina dawa, shule haina madawati, wewe unatuletea punda. Ni jibu la haki na silidharau. Ila tunajua kwa mfano wetu wenyewe kwamba fedha huonekana sheria ikishaitengea nafasi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kabla halijawa takwa la sheria, lilikuwa ombi, na ombi hujibiwa "tutaangalia". Siombi asilimia kumi, wala moja. Naomba faini iliyotozwa kwa mnyama ibaki kwanza kwenye zizi la mnyama, na ikizidi ndipo iende kwingine. Ng'ombe wa tajiri aliyekula bustani ya mji ataweza kulipia majani ya punda wa maskini bila mtu yeyote kuongezewa kodi.

Wala kuandika wajibu kwenye sheria hakutoshi. Uturuki walipitisha sheria mwaka 2004 inayozitaka manispaa kuwakamata mbwa wa mitaani, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipotoka. Utaratibu ulikuwa mzuri, lakini manispaa nyingi hazikuutekeleza inavyopasa, nyingine kwa kukosa fedha na nyingine kwa kukosa nia, na mbwa wakafikia mamilioni kwa hesabu ya serikali yenyewe. Mwaka 2024 bunge lao likageuza kibao: mbwa waondolewe mitaani wapelekwe kwenye makazi ya manispaa, na manispaa zikapewa hadi 2028 kuyajenga. Wapenda wanyama wakaandamana wakihofia mauaji. Ninachokiona mimi ni miaka ishirini ya wajibu usio na fungu, ambayo mwishowe iliwachosha watu hadi wakaanza kumchukia mbwa badala ya kumchukia aliyekaa na sheria mezani. Sisi tungali mapema. Hatuna mbwa mamilioni wasio na wenyewe, tuna wachache, na ni rahisi kushughulika na wachache.

Mkoa huu unajua pia kwamba serikali ikiamua juu ya wanyama, huamua kweli. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa ili ardhi ipumue. Yote. Wazee wa kule bado wana kinyongo na mimi sisemi lilikuwa jambo jema kwa kila mtu. Nasema tu kwamba uwezo wa kuondoa maelfu ya ng'ombe wenye wenyewe wakali ulikuwepo zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kwa hiyo uwezo wa kumpa maji punda mmoja asiye na mtetezi hauwezi kuwa ndio unaokosekana.

Ninapozungumza haya na wazee wa mtaa, hao wa msikitini na hao wa kanisani, huwa hawashangai. Masheikh husimulia kauli ya Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, kwamba baghala akijikwaa Iraki, yeye aliye Madina anahofia kuulizwa na Mungu kwa nini hakuitengeneza njia. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza aliyemwona ng'ombe wa nduguye amepotea asijifanye hakumwona; kama mwenyewe yuko mbali, amchukue nyumbani akae naye hadi atafutwe. Zingatia kwamba aliyeokota ndiye anayelisha. Enzi zile nyumba ilikuwa na zizi na majani. Mpangaji wa chumba kimoja Chang'ombe hana zizi, na ndiyo maana tunayo serikali ya kuokota kwa niaba yetu.

Mambo yenyewe si makubwa. Kila tarafa, au hata kata tatu kwa pamoja, ipate zizi moja la miti na bati lenye tangi la maji. Jina la zizi na namba ya simu vibandikwe kwenye ofisi za watendaji, ili anayempoteza na anayemwokota wakutane bila kuzunguka. Kila mtaa uwe na daftari la mbwa, mwenyewe asaini akimleta na asaini akihama, kama anavyosaini mita ya umeme. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, isiwe ndiyo siku pekee tunayoiona friji ya chanjo. Na mnyama asiyeweza kupona, daktari wa mifugo aruhusiwe kumpumzisha kwa dawa bila kusubiri mwenyewe ambaye hatakuja, maana kumwacha afe kwa wiki tatu kando ya barabara akisubiri fisi wa usiku pia ni uamuzi, ingawa hautiwi saini na mtu.

Nimeliandika hili kwa ufupi, ukurasa mmoja, nikampelekea mwenyekiti wetu kabla mapendekezo ya bajeti hayajapanda kwenda kata. Amelisoma mbele yangu, akacheka pale penye punda, akaniambia ataliweka kwenye mengineyo. Mengineyo ni saa ile watu wameshaanza kukung'uta sketi na kutafuta ndala. Nimemwomba alipandishe lije baada ya taka na kabla ya ulinzi shirikishi. Ameniuliza kama nitakuja na watu. Nimemwambia nitakuja na yule mama wa mboga.